Damu Imemkataa

Ukitaka kujua watu wa mjini wanawazaje kuhusu makabila, sikiliza wanavyoagiza dada wa kazi. Hapo hakuna anayejizuia. Mtu ambaye ofisini hunyamaza siasa zikizungumzwa, na kwenye nyumba ya ibada huitikia kwamba sote ni wa Mungu mmoja, akimpigia simu dalali anafunguka kama bomba lililopasuka. Awe wa Iringa au Njombe, hao ndio wachapakazi. Asiwe wa Tanga, atanichukulia mume. Asiwe na mtoto. Asiwe na simu kubwa. Na sura, unanielewa mwenyewe, iwe ya kawaida tu.

Dalali anaelewa vizuri sana. Mmoja niliyekaa naye stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis, Dar es Salaam, akisubiri basi lake na mimi nikisubiri langu, aliniambia bila haya kwamba binti anaweza kushuka kwenye basi akiwa wa Singida na kufika Sinza akiwa wa Iringa. Ndivyo soko linavyotaka. Mwenye mtoto kijijini huambiwa njiani aseme hana. Kwa hiyo mwajiri anayechagua kwa kabila mara nyingi hapati hata hilo kabila alilolichagua. Anachopata ni binti ambaye somo lake la kwanza la kazi lilikuwa kudanganya, na atakayemlea mtoto akiwa na uwongo huo kifuani kila siku, akiogopa siku mtu wa Iringa wa kweli atakapokuja kumsalimia kwa kilugha.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza kumbagua mfanyakazi, hata yule ambaye ndiyo kwanza anaomba kazi, kwa sababu ya kabila, mahali alikotoka, dini, ujauzito, hali ya ndoa na mengine kadhaa. Sijawahi kusikia mtu akiitaja sebuleni. Sebuleni tunasema moyo umekataa, machale yamenicheza, damu imemkataa. Hayo hayana rufaa. Mama akishasema damu imemkataa binti, mazungumzo yamekwisha, nauli inatafutwa, binti anarudishwa. Nani atathubutu kumwambia mama mwenye mtoto mchanga aipuuze nafsi yake?

Na hofu yenyewe si ya kubuni. Novemba 2014 video iliyonaswa na kamera ya siri katika nyumba moja jijini Kampala ilizunguka Afrika Mashariki nzima. Dada wa kazi anamlisha mtoto wa mwaka mmoja na nusu, mtoto anatapika, dada anampiga, anambwaga sakafuni, anamkanyaga. Mwezi uliofuata mahakama ilimhukumu kifungo cha miaka minne. Nawajua akina mama ambao mpaka leo wakiitaja video ile wanashika kifua. Kinachotajwa mara chache ni namna kamera ile ilivyofika pale ukutani. Baba wa mtoto aliiweka baada ya kuona alama za kuumizwa kwenye mwili wa mwanawe, na kuona kwamba mtoto anachechemea. Kilichomshtua kilikuwa kwenye mwili wa mtoto.

Nakaa hapo kidogo, kwa sababu nadhani ndipo penye jambo lenyewe.

Gary Klein, mtafiti wa Kimarekani aliyewafuatilia kwa miaka wakuu wa vikosi vya zimamoto, amesimulia kisa cha mkuu mmoja aliyeingia na vijana wake kwenye nyumba iliyokuwa ikiungua jikoni. Walimwaga maji, moto ukawa haupungui inavyotakiwa. Ghafla akapaza sauti: tokeni nje! Hakujua kwa nini. Walipotoka tu, sakafu waliyokuwa wamesimama ikaporomoka. Moto mkubwa ulikuwa chini yao, kwenye ghorofa ya chini ya ardhi ambayo hawakujua kama ipo. Yeye aliamini alikuwa na karama ya kuona yasiyoonekana. Baada ya kuhojiwa kwa utulivu ikaeleweka kwamba aliona vizuri tu: chumba kilikuwa na joto kuliko moto wa jikoni unavyoweza kutoa, na kilikuwa kimya kuliko moto mkali unavyokuwa. Miaka yake kazini iliunganisha hayo mawili kabla akili haijapata maneno.

Daniel Kahneman, mwanasaikolojia aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002, alikuwa upande wa pili, upande wa wasioziamini hisia za namna hiyo. Mwaka 2009 wawili hawa waliandika makala pamoja, na ikaonekana kwamba ugomvi wao ni mdogo kuliko watu walivyodhani. Walikubaliana kwamba machale huaminika pale ambapo mambo yenyewe yana utaratibu unaojirudia, na mtu amekaa nayo muda mrefu huku akionyeshwa mara kwa mara wapi alipatia na wapi alikosea. Pasipo hayo, mtu anaweza kuwa na uhakika wa kutikisa nyumba na bado akawa anakisia.

Sasa mweke mama mwajiri kwenye mizani hiyo. Maisha yake yote ameajiri madada wangapi? Wachache. Waliokaa kwake aliwajua. Wale aliowakataa mlangoni hakuwajua kamwe. Yule wa Tanga aliyerudishwa siku ileile huenda ndiye angekuja kumpeleka mtoto darasa la kwanza akiwa anajua kusoma, lakini hakuna atakayempigia mama simu kumweleza. Kila anayekataliwa kwa damu anaondoka na ushahidi wake. Ndiyo maana mtu anaweza kubagua miaka thelathini na kila mwaka akajiona amezidi kuwa hodari wa kusoma watu.

Lakini mama huyohuyo, kwa mwanawe, ni mkuu wa zimamoto. Anajua kilio cha njaa na kilio cha usingizi, anajua mtoto wake anavyonuka akiwa ameogeshwa na anavyonuka akiwa amepanguswa tu. Amekosea mara mia na mtoto mwenyewe akamsahihisha papo hapo. Akirudi jioni na mtoto hakimbilii mlangoni, au anajikunja mkono wa mtu ukiinuka, au analala usingizi mzito usio wa kawaida kila alasiri, na mama akasema kuna kitu, basi kuna kitu. Hajui ni nini, kama mkuu yule asivyojua kwa nini alipiga kelele.

Ajabu ni kwamba tumegeuza. Pale getini, machale yanapomhusu mgeni ambaye hatujui lolote juu yake, tunayapa mamlaka ya jaji. Miezi minne baadaye mama huyohuyo akisema mtoto amebadilika, nyumba nzima inamtuliza: anaota meno, umechoka na kazi, acha wasiwasi, dada mwenyewe wa kanisani yule. Siku aliyokuwa hajui kitu alisikilizwa, na siku aliyoona kwa macho yake anaambiwa apumzike.

Nimetaja wa kanisani makusudi. Ubaguzi tunaoujua ni ule unaofukuza. Upo mwingine unaokaribisha, na huo hauonekani kwa sababu una tabasamu. Ni binti wa kwetu, baba yake na baba yangu walisoma pamoja. Anaimba kwaya. Anavaa baibui vizuri. Huyo haulizwi kitambulisho, haulizwi barua ya serikali ya mtaa, mwajiri wake wa zamani hapigiwi simu, maana kumpigia itakuwa kumvunjia mzee fulani heshima. Anakabidhiwa mtoto na funguo siku ya kwanza. Binti mwenyewe anaweza kuwa malaika, sisemi. Ninachosema ni kwamba hakuna aliyemtazama. Mgeni anachunguzwa mpaka kucha, wa kwetu anapita kwenye mlango wa nyuma, na mlango wa nyuma haujawahi kuwa salama kwa mtoto yeyote.

Kahneman alikuwa na kisa kingine ninachokipenda kuliko hicho cha mwaka 2009. Miaka ya 1950, akiwa kijana wa miaka 21 katika jeshi la Israel, alipewa kazi ya kurekebisha usaili wa askari wapya. Wasaili walizoea kupiga gumzo na kijana kisha kusema huyu atafaa, huyu hafai, na utabiri wao ulikuwa hauna maana. Yeye akawapangia tabia sita, kila moja iulizwe peke yake kwa maswali ya mambo ambayo kijana ameshayafanya maishani, na ipewe alama kabla ya kugusa nyingine. Wasaili wakanung'unika kwamba anawageuza mashine. Ili kuwapoza akawaruhusu: mkimaliza yote sita, fumbeni macho, mfikirieni kijana huyu akiwa askari, mpeni alama kama moyo unavyowaambia. Matokeo yalipokuja, zile alama sita zilitabiri vizuri kuliko utaratibu wa zamani. Na ile ya kufumba macho ilifanya vizuri sawasawa na hizo sita zikijumlishwa. Moyo uliposubiri mpaka macho yamalize kazi, ulijua kusema.

Mama yangu hajasoma kitabu cha Kahneman, na nikimsimulia ataniuliza huyo mzungu amelea watoto wangapi. Lakini nilimwona akifanya jambo lilelile.

Mdogo wangu alikuwa anamalizia likizo ya uzazi. Sheria inampa mama siku 84, na 100 akiwa amejifungua mapacha, na kila ninayemjua huanza kutafuta dada zikiwa zimebaki siku za kuhesabu kwa vidole. Hilo peke yake linaeleza mengi. Mwenye wiki moja mkononi hana nafasi ya kumjua mgeni. Anamtazama tu, na kwa kumtazama anaona yale aliyokwisha kuyaamini.

Binti aliletwa Tabata asubuhi na shangazi yake. Alitoka Singida na hakuambiwa na mtu aseme Iringa. Miaka ishirini na kitu, mwembamba, sauti ya chini, kovu limeshuka kutoka chini ya sikio mpaka shingoni. Aliulizwa kama ana mtoto, akasema anaye, wa miaka mitatu, yuko kwa mama yake. Maswali yote aliyajibu akiwa anatazama mkeka.

Mdogo wangu alinivuta jikoni. "Dada, huyu hapana. Damu imemkataa kabisa. Hanitazami usoni. Na lile kovu limetoka wapi? Halafu amezalia nyumbani."

"Amefanya nini?"

"Hajafanya kitu. Nakwambia damu."

Tuliporudi sebuleni mama alikuwa ameshasimama na taulo begani. Akamwambia binti: mtoto hajaoga, twende ukanisaidie, mgongo unaniuma. Mgongo wake ulikuwa mzima kabisa. Wakaingia uani, sisi tukafuata.

Binti aliosha mikono mpaka kwenye viwiko kabla hajagusa kitu. Beseni aliliwekea maji ya baridi kwanza, ndipo akaongeza ya moto kidogo kidogo, akikoroga, akijaribu kwa kiwiko na si kwa vidole. Nimeona wasomi wakianza na ya moto. Alimpokea mtoto kwa kiganja kimoja nyuma ya shingo, mkono mwingine chini ya makalio, akamshusha miguu ikianza kugusa maji, akangoja. Mtoto akashtuka, akalia. Mdogo wangu aliruka nusu hatua. Binti hakugeuka kututazama kama tumeona, hakucheka kicheko cha kujitetea. Alimwinua kidogo, akamwekea kitambaa chenye maji ya uvuguvugu kifuani, akamshusha tena. Mtoto akanyamaza. Macho yale yaliyokuwa yameganda kwenye mkeka hayakumbanduka mtoto tangu mwanzo mpaka alipovikwa.

Kule alikolelewa, na kule tulikolelewa wengi wetu kabla ya kuzoea mjini, binti kumkazia mkubwa macho ni utovu wa adabu. Angemkazia mdogo wangu macho, tungesikia jikoni kwamba ana macho makavu. Na huyo mtoto wa miaka mitatu aliyehesabiwa kuwa doa ndiye aliyemfundisha kuanza na maji ya baridi. Tunatafuta mtu anayejua kulea ambaye hajawahi kulea. Kovu sikuliuliza, na mpaka leo sijui lilitokana na nini. Si kovu lililomwogesha mtoto.

Simsemi mdogo wangu vibaya. Alikuwa na jambo moja la haki kabisa: haki ya kutokuwa na uhakika. Kuogesha mtoto mara moja hakumalizi habari za mtu. Binti anaweza kuogesha vizuri mbele ya bibi na kuwa mwingine nyumba ikibaki na watu wawili, ndiyo maana napenda wiki za majaribio mama akiwa bado nyumbani, na mwajiri wa zamani kuulizwa swali moja tu: leo akirudi, utampokea? Watu hudanganya wakiulizwa alikuwaje. Kwa hilo la kumpokea husita kwanza, na kusita kwenyewe ni jibu. Ila mashaka ya namna hiyo humwangukia kila mgeni kwa kipimo kimoja, mwenye kovu na asiye na kovu.

Yapo pia yale ambayo machale hayasemi kabisa, na hayo hunitia hofu kuliko yanayosema. Niliwahi kuingia nyumba moja ya watu wenye nafasi zao, soda ikaletwa na kasichana kalikombeba mgongoni mtoto mnene anayekaribia kumzidi uzito. Niliuliza ana miaka mingapi. Kumi na sita, akasema mwenye nyumba, ni mwili tu umedumaa. Sheria hairuhusu kumwajiri mtoto chini ya miaka 14, na yule hakuwa amefika huko. Wageni waliendelea na soda zao. Hakuna aliyechezwa na kitu, hakuna damu iliyokataa, kwa sababu wote tumekua tukiona watoto wakilea watoto. Machale hucheza pale palipo na jambo tusilolizoea tu. Kovu hatujalizoea. Utumwa mdogo wenye kitenge mgongoni tumeuzoea.

Basi turudi Tabata, maana siku ile haikuishia uani.

Mtoto alipolala, mama alimwambia binti kama ana la kuuliza aulize. Kwa kawaida hapo huwa hakuna la kuuliza. Dada wa kazi anaulizwa mshahara atakaopewa kama anaridhika, naye anaridhika. Huyu alikaa kimya kidogo, kisha akamwelekea mama, si mdogo wangu.

"Bibi, samahani. Chumba nitakacholala kina komeo kwa ndani?"

Mdogo wangu uso ulimbadilika. Baadaye, jikoni tena, alikuwa anatetemeka kwa hasira. Ana maana gani? Mume wangu hajamwona hata kwa picha, tayari amemfanya mbakaji? Si huu ndio ubaguzi unaonihubiria wewe tangu asubuhi?

Ni swali zuri na nililifikiria. Ni kweli kwamba binti alikuwa hamjui shemeji. Lakini hakumkataa shemeji. Aliuliza jambo ambalo angeliuliza kwenye nyumba ya askofu au ya sheikh, na ambalo halimpunguzii mwanamume mwema chochote isipokuwa bei ya komeo. Tena yeye ana uzoefu mdogo wangu alioukosa: amewahi kulala kwenye nyumba za watu. Katika yote tunayoyasema juu ya kumwamini au kutomwamini dada, ni mara ngapi tunakumbuka kwamba naye anaingia kwa watu asiowajua, usiku atakuwa amelala kwao, mbali na kwao, funguo za geti zikiwa kwa mwingine? Tukikosea sisi, tutamrudisha kwa basi la asubuhi. Akikosea yeye, hana wa kumrudisha. Kama kuna mtu pale sebuleni aliyekuwa na haki ya kusikiliza machale yake, alikuwa yule aliyekaa kwenye mkeka.

Mama yangu hakuona cha kubishania. "Litawekwa leo," alimjibu. "Fundi yuko hapo nyuma ya nyumba. Na wewe mwanangu, barua ya serikali ya mtaa unayo?"

Binti alifungua begi lake, akatoa mfuko wa nailoni uliokunjwa mara mbili. Ndani yake ilikuwemo barua yenye muhuri wa kijiji, nakala ya kitambulisho cha NIDA, na namba ya simu ya mama aliyemfanyia kazi Morogoro, imeandikwa kwa kalamu nyekundu.

"Ninayo, bibi. Nilikuwa nasubiri kuulizwa."